Miwani Nyuma ya Kabati: Uchambuzi wa mswada mmoja wa watoto, kutoka maneno 3,840 hadi 712

Usuli

Mwandishi wa kisa hiki alikuwa na hadithi fupi kadhaa za watu wazima zilizokwisha kuchapishwa alipoandika mswada wake wa kwanza wa watoto. Jina lake halitajwi. Majina ya wahusika na baadhi ya vipengele vya hadithi yenyewe vimebadilishwa ili asitambulike, lakini matatizo ya mswada, hatua zilizochukuliwa na mpangilio wake vimeachwa vilivyokuwa.

Mswada ulikuwa na maneno 3,840. Ulikusudiwa kuwa kitabu cha picha cha watoto wa miaka 5 hadi 8. Hadithi ilikuwa hivi: Pili, mtoto wa miaka sita, anaikanyaga miwani ya bibi yake na kuificha nyuma ya kabati. Bibi anaitafuta siku nzima. Mama anaikuta anapofagia. Bibi anamwita Pili, anamweleza umuhimu wa kusema kweli kwa zaidi ya maneno 600, Pili anaomba radhi, Bibi anapata miwani mpya, na wote wanafurahi.

Uliwasilishwa kwa wachapishaji watatu. Mmoja hakujibu. Wa pili alikataa bila kutoa sababu. Wa tatu aliandika mstari mmoja: wazo linavutia, lakini hadithi hii ni ya nani, ya mtoto au ya bibi?

Mstari huo mmoja ulikuwa na utambuzi wote uliohitajika. Mwandishi aliusoma, akaelewa kitu kingine kabisa.

Rasimu mbili zilizopotea

Alidhani lugha yake ni ngumu kwa watoto. Kwa wiki sita akarahisisha: akavunja sentensi ndefu, akaondoa misamiati ya kitabuni, akapunguza maneno ya sifa. Rasimu ya pili ikafika maneno 3,100. Mchapishaji wa nne akaikataa.

Rasimu ya tatu ilikuwa ya kishairi. Mtu wa karibu alimwambia kwamba watoto wanapenda vina, jambo ambalo ni kweli, na mwandishi akatumia wiki nyingine tano kuigeuza hadithi nzima iwe beti za mistari minne, mizani (yaani silabi) nane kwa kila mstari. Hapa kuna mtego ambao waandishi wengi wa Kiswahili huuingia, na unastahili maelezo. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na vitenzi vingi mno huishia kwa -a. Kina kinapatikana bila jasho: alicheza, akameza, akaeleza, akauliza. Kwa kuwa kinapatikana kirahisi, mwandishi anakuwa na hamu ya kuendelea, haoni kwamba kila mstari sasa unalazimika kuishia na kitenzi, na kwamba mtendwa na mahali vimesukumwa mwanzoni hadi sentensi zinasomeka kinyumenyume. Mizani nane nayo ni nafasi finyu sana kwa lugha ambayo kitenzi kimoja kama *atakapowaonyesha* tayari kina silabi nane. Mstari umejaa kabla mtu hajatenda jambo. Matokeo yake yalikuwa beti zilizojaa "sana", "jamani" na "kwa kweli", maneno yaliyowekwa kuziba pengo la mizani, na hadithi ileile yenye udhaifu uleule chini yake.

Miezi karibu mitatu ilikuwa imepita na hakuna jambo hata moja lililobadilika katika mambo yanayotokea kwenye hadithi. Mama alikuwa bado anafagia, miwani inaonekana, Bibi anahutubia.

Kuhesabu nani anatenda

Ndipo mswada ulipopelekwa kwa msomaji wa miswada mwenye uzoefu na vitabu vya watoto. Hakugusa lugha. Alifanya zoezi moja ambalo mwandishi yeyote anaweza kulifanya kwa jioni moja: alichukua rasimu ya kwanza na kalamu mbili za rangi, akapigia mstari kila kitenzi kinachobadilisha hali ya mambo. Kitenzi cha kuwaza, kuhisi au kuwa mahali hakihesabiwi. Kuvunja, kuficha, kuuliza, kukuta, kuita, kununua vinahesabiwa. Rangi nyekundu kwa vitenzi vya Pili, bluu kwa vya watu wengine wote.

Vilipatikana vitenzi 41. Vya Pili vilikuwa 6, na vitano kati ya hivyo vilikuwa katika kurasa mbili za mwanzo. Kuanzia hapo mtoto amekaa, anaogopa, anahuzunika, anasubiri. Watu wazima ndio wanaotafuta, wanaovumbua na wanaotatua. Cha sita kilikuwa kuomba radhi, baada ya kuambiwa aombe.

Mwandishi alijitetea kwamba ndivyo maisha ya mtoto yalivyo: watu wazima ndio wenye uwezo. Hoja hiyo ina ukweli, na kwa sababu hiyo ni ya hatari. Mtoto anayesikiliza hadithi anajua vizuri kwamba hana uwezo wa kununua miwani. Anachotaka kuona ni mtoto mwenzake, mwenye mikono midogo kama yake, akipata kitu kimoja ambacho mikono hiyo inaweza kukifanya. Tatizo likichukuliwa na mtu mzima, msikilizaji anakuwa hana pa kusimama ndani ya hadithi.

Kisha msomaji akaonyesha sentensi moja katikati ya ukurasa wa saba ambayo mwandishi mwenyewe hakuikumbuka: "Bibi alishindwa hata kuisoma barua ya shangazi yake Pili." Ilikuwa imewekwa kuonyesha tu kwamba Bibi anapata shida. Swali la msomaji lilikuwa: nani atamsomea?

Uamuzi wa kubadilisha mhimili

Hadithi mpya ikazaliwa ndani ya sentensi hiyo. Barua inafika. Bibi hana miwani. Anampa Pili aisome. Pili bado hajui kusoma vizuri, na hawezi kukiri kwa nini Bibi hawezi kusoma mwenyewe, kwa hiyo anabuni: Shangazi anakuja Jumamosi. Bibi anaamini. Anafagia, anaanika magodoro, anaweka kiti karibu na mlango. Jumamosi inafika.

Sababu ya uamuzi huu ilikuwa ya kiufundi kabisa. Katika hadithi ya kwanza, uongo wa Pili ulikuwa na tokeo moja tu: kugunduliwa. Kugunduliwa ni jambo linalomfika mtu kutoka nje. Katika hadithi ya pili uongo unazaa kazi, na kazi hiyo inafanywa na mtu ambaye Pili anampenda, mbele ya macho yake. Kila godoro linaloanikwa linaongeza uzito. Hakuna haja ya kumwambia msikilizaji kwamba uongo ni mbaya, maana anamwona Bibi akifuta kiti.

Miisho mitatu ilijaribiwa. Wa kwanza, Shangazi anatokea kweli kwa bahati. Ukaachwa kwa sababu bahati inamwokoa Pili kabla hajafanya lolote. Wa pili, Bibi anasema alijua tangu mwanzo. Huu ulimvutia mwandishi sana, na unawavutia watu wazima wengi kwa kuwa unampa Bibi hekima. Lakini ukishajua kwamba Bibi alijua, kusubiri kwake mlangoni kunakuwa mchezo wa kumtega mtoto, na mapenzi yote yanachacha. Wa tatu ndio uliobaki: jioni Pili anakwenda mwenyewe nyuma ya kabati, anaileta miwani, anasema, "Mimi ndiye niliyeivunja, Bibi." Bibi anaivaa, anafumba jicho moja, na kwa kioo kizima kilichobaki wanaisoma barua pamoja. Shangazi alikuwa ameuliza jambo moja tu: Pili ameanza kusoma?

Kitabu cha mfano

Kabla ya kuandika sentensi mpya hata moja, mwandishi aliombwa atengeneze kitabu cha mfano. Karatasi 8 za A4, zikunjwe katikati, zipachikwe moja ndani ya nyingine: zinatoa kurasa 32, ukubwa wa kawaida wa kitabu cha picha. Idadi hiyo inatokana na uchapaji, ambapo karatasi kubwa hukunjwa kutoa mafungu ya kurasa 8 au 16, kwa hiyo kitabu hakiwezi kuwa na kurasa 29 kwa sababu tu hadithi imeisha hapo. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 2 ni wa haki za uchapishaji, wa 3 mara nyingi ni wa kutabaruku, yaani kumtunukia mtu kitabu. Hadithi inaanza ukurasa wa 4 na 5. Hadi ukurasa wa 31 zinapatikana jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na ukurasa wa 32 unabaki peke yake.

Jozi 14 ndiyo bajeti yote. Rasimu ya kwanza ilipokatwa kwa mkasi na kubandikwa humo, jozi tatu za mwanzo zilikuwa zinaeleza nyumba na tabia ya Pili, na hotuba ya Bibi peke yake ilikula jozi mbili. Mtu aliyekuwa amekataa kuamini kwamba hotuba ni ndefu aliamini alipoiona imebandikwa.

Mpango mpya ulikwenda hivi. Jozi ya 1 miwani inavunjika, ya 2 inafichwa. Ya 3 Bibi anauliza mara ya kwanza, ya 4 anapapasa mezani, ya 5 anauliza tena. Ya 6 barua inafika, ya 7 Pili "anasoma". Ya 8 na ya 9 ni maandalizi. Ya 10 Bibi anauliza mara ya tatu, asubuhi ya Jumamosi. Ya 11 kiti mlangoni, ya 12 jioni, ya 13 Pili anasema, ya 14 barua inasomwa. Ukurasa wa 32 hauna neno: Pili ameinama na kalamu, anaandika jibu.

Kanuni iliyofuatwa ni kwamba upande wa kulia wa kila jozi uache swali ambalo jibu lake liko nyuma ya karatasi. Jozi ya 6 inaishia Bibi akinyoosha mkono: "Nisomee, mjukuu wangu." Mtoto anageuza ukurasa mwenyewe.

Kitabu cha mfano kilionyesha jambo jingine pia. Mswada wa kwanza ulikuwa na maagizo kwa mchoraji kwenye kila ukurasa: rangi ya gauni, mahali pa dirisha, sura ya Bibi. Yaliondolewa yote isipokuwa mawili, yale ambayo picha inasema kinyume cha maneno. Katika jozi ya 7 maneno yanasema Pili alisoma barua. Picha inaonyesha barua imeshikwa juu chini. Pasipo agizo hilo mchoraji asingejua. Mengine ni kazi yake, na ataifanya vizuri zaidi akiachiwa.

Sentensi

Hapo tu ndipo lugha ilipoguswa. Hiki ndicho kifungu cha ufunguzi cha rasimu ya kwanza:

*Siku moja Pili, ambaye alikuwa mtoto mtundu lakini mwenye akili nyingi, alikuwa akicheza sebuleni ingawa alikuwa amekatazwa na bibi yake mara nyingi kucheza humo. Kwa bahati mbaya aliikanyaga miwani ya Bibi ikavunjika. Pili aliogopa sana na kuhuzunika mno kwa sababu alijua kwamba amefanya kosa kubwa.*

Na hiki ni cha rasimu ya mwisho:

*Pili aliruka. Pili aliruka tena.*
*Kacha!*
*Pili akainua mguu.*
*Miwani ya Bibi.*
*Kioo kimoja kizima. Kioo kimoja vipande.*
*Pili akatazama mlango. Akatazama kabati.*
*Miwani ikaingia nyuma ya kabati.*

Maneno 45 yamekuwa 28, lakini ufupi ndio mabadiliko madogo kuliko yote. Angalia nyakati za vitenzi. Kifungu cha kwanza kimesimama juu ya *alikuwa*: mara tatu, kila mara kikirudi nyuma kueleza hali. Cha pili kinaweka nanga kwa -li- mara mbili, kisha kinaingia kwenye -ka- na hakitoki. -ka- ni kiambishi cha mtu anayesimulia kwa mdomo. Kila kitendo kinashika mkono wa kilichotangulia, na msikilizaji hawezi kuondoka katikati. Lakini -ka- inahitaji kitu cha kushika, ndiyo maana ufunguzi haukuanza na "Pili akaruka".

Hofu haikutajwa. Macho yanakwenda mlangoni, yanakwenda kabatini, na mtoto anayesikiliza ameshajua kinachopangwa kabla ya sentensi ya mwisho. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo bora katika kitabu kizima: Pili hakuificha miwani, miwani *ikaingia*. Ndivyo mtoto aliyefanya kosa anavyojisimulia. Mwandishi aliipata baada ya kuandika "akaificha" mara nne.

Tahadhari kuhusu urefu. Kwa kitabu cha kusomewa, neno refu si kikwazo. Watoto hupenda kusikia neno linaloviringika. Kwa kitabu ambacho mtoto atakisoma mwenyewe, hesabu silabi badala ya maneno. *Aliikanyaga* ni neno moja lenye silabi sita na irabu mbili za i zinazofuatana, na msomaji mchanga ataliruka au ataliangukia. Mswada huu uliamuliwa kuwa wa kusomewa, kwa hiyo maneno machache marefu yaliachwa kwa makusudi.

Kibwagizo kilikuja kwa kuchelewa, katika rasimu ya sita. Bibi anauliza mara tatu kwa maneno yaleyale: "Umeiona miwani yangu, mjukuu wangu?" Jibu la Pili linabadilika na kurefuka kila mara. Jioni ya Jumamosi, jozi ya 12, Bibi amekaa mlangoni na hasemi kitu.

Majaribio ya kusoma kwa sauti

Watoto 18 wa miaka 5 hadi 7 walisikiliza, katika vikao vinne, kila kikao na watoto wapya. Mtoto aliyekwisha kuisikia hadithi hawezi kupimia tena, anajua kinachokuja.

Kikao cha kwanza mwandishi alisoma mwenyewe rasimu ya nne, yenye maneno 1,450. Alibadilisha sauti, akanyamaza pale panapofaa, watoto wakacheka. Kipimo hicho hakikuwa na thamani, kwa sababu walichopima watoto ni usomaji wake. Kitabu kitasomwa na mtu aliyechoka, usiku, anayekiona kwa mara ya kwanza.

Kikao cha pili rasimu ileile ilisomwa na mtu aliyepewa maandishi siku hiyohiyo. Mwandishi alikaa nyuma na karatasi yenye safu 14, moja kwa kila jozi, akiweka alama tatu: msomaji amejikwaa, watoto wametazama kwingine, watoto wamesema kitu. Jozi ya 8 na ya 9 zilijaa alama za kutazama kwingine. Humo mlikuwa na maneno 340 ya maandalizi, ambayo picha ingeyaonyesha yote.

Akakata. Na akakata kupita kiasi: rasimu ya tano ilibaki na maneno 410. Kikao cha tatu kiliisha kwa dakika nne, na alipowauliza watoto nini kilitokea, walieleza kila tukio kwa usahihi bila kumtaja Bibi isipokuwa kama mwenye miwani. Mkasi ulikuwa umeondoa mistari midogo iliyomfanya apendwe: anavyozungumza na kiti anapokifuta, anavyoimba vibaya. Mistari ya aina hiyo haisukumi tukio lolote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa, na bila hiyo jozi ya 12 haina maana. Rasimu ya sita iliirudisha, ikafika maneno 690.

Katika kikao cha nne, msomaji alipofika jozi ya 12 na kukaa kimya, watoto wawili waliuliza wenyewe kwa niaba ya Bibi: "Umeiona miwani yangu?" Hakuna aliyewaambia.

Watoto hawakuulizwa kama wameipenda. Mtoto akiulizwa hivyo na mtu mzima hujibu ndiyo. Waliulizwa nini kilitokea, nani alikosea, na wewe ungefanya nini.

Matokeo

Rasimu ya sita ilikubaliwa na mchapishaji wa tano. Mhariri aliomba mambo mawili: Bibi aonyeshe kwamba ameumia, na ukurasa wa 32 uwe na sentensi ya kufunga. La kwanza lilikubaliwa. Maneno 22 yakaongezwa katika jozi ya 13, ambamo Bibi anaishika miwani kwa muda kabla ya kuivaa. La pili mwandishi alilikataa, akaonyesha kitabu cha mfano, na mhariri akaridhia ukurasa ubaki kimya. Rasimu ya saba, maneno 712, iko kwa mchoraji. Kazi yote ilichukua miezi tisa.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio. Mwandishi alianza na sentensi kwa sababu sentensi ndiyo sehemu aliyoimudu. Alikuwa fundi wa sentensi za watu wazima. Miezi karibu mitatu ya kwanza ilikwenda kung'arisha maneno ya hotuba ambayo haikupaswa kuwapo. Mpangilio uliofanya kazi ulikuwa: nani anamiliki tatizo, kisha matukio, kisha mgawanyo wa jozi, kisha maneno. Rasimu ya kishairi isingeandikwa kama zoezi la kalamu mbili lingetangulia.

Hotuba ya maadili haikuondolewa kwa sababu maadili hayafai kwa watoto. Kitabu kilichokubaliwa kina msimamo mkali zaidi juu ya uongo kuliko cha kwanza. Tofauti ni kwamba sasa gharama inalipwa ndani ya tukio, na anayeilipa anaonekana.

Mtazamo wa msimulizi ulirekebishwa bila mtu kuupangia. Rasimu ya kwanza iliingia kichwani mwa Bibi mara saba ("Bibi alihisi kwamba Pili anaficha jambo"), na kila mara hamu ya msikilizaji ya kujua kitakachotokea ikafa. Ngano za kusimuliwa huweza kuingia kila kichwa bila madhara, kwa kuwa nguvu yake iko katika tukio. Hadithi ya siri ya mtoto mmoja haiwezi. Vitenzi vilipohamia kwa Pili, msimulizi akamfuata.

Kilichobaki dhaifu ni jozi ya 4. Bibi anapapasa mezani, Pili anatazama, na hakuna swali linalobaki upande wa kulia. Mwandishi alijaribu kuiunganisha na ya 3, lakini maswali mawili ya kwanza yakakaribiana mno na kibwagizo kikasikika kama kelele. Imeachwa, kwa matumaini kwamba mchoraji ataweka kitu chini ya ile meza.